Zamu ya Mtani

Kofi lilimkuta Kondo ameinama kwenye kifuo, kijiti chenye ncha cha kufulia nazi. Sikio lake la kushoto likajaa mlio mrefu kama wa treni, kisha likaziba. Kosa lake lilikuwa kwenda kunywa maji bila kuomba ruhusa. Alipojipangusa shingoni, akaona damu.

"Mtani, maji ya Wazaramo yako baharini," alisema Romani, nyapara wao. "Rudi kazini."

Wafua nazi wengine wakacheka, kwa mazoea. Katika kinu kile cha mafuta pale Buguruni, enzi hizo za Mwingereza, Romani Mnyamwezi alikuwa akiwapiga Wazaramo kwa kisingizio cha utani wa makabila yao, na nani angethubutu kununa? Amkasirikiaye mtani huaibika yeye, mtani haaibiki. Kondo mwenyewe alikwisha cheka mara nyingi: aliponyang'anywa kofia, alipopigwa teke, alipochapwa fimbo ya mgongo. Alicheka kama alivyolelewa, na kila kicheko kikawa ruhusa ya pigo lililofuata.

Siku hiyo hakucheka.

Bi Tunu, mtu mzima aliyekuwa akibambua mbata kwenye vifuu vya nazi karibu yake, akamfunga sikio kwa kipande cha kanga. "Nenda kwa bwana wa Idara ya Kazi, mwanangu. Nilichokiona nitakisema."

"Watakufukuza, mama."

"Wanifukuze. Marehemu mume wangu alikuwa Mnyamwezi. Tulitaniana mpaka anakata roho, na damu yangu hakuimwaga."

Kondo akaenda. Baada ya siku chache ofisa akaja, Mzungu kijana aliyejua Kiswahili. Mwenye kinu akamkaribisha chai barazani, akawaita Kondo, Romani na Bi Tunu wasimame mbele yao juani.

"Hapa hakuna shauri," mwenye kinu alisema. "Hawa ni watani. Ni mila yao, nasi tusiiingilie. Muulize mwenyewe kama hakuwa akicheka."

"Ulikuwa ukicheka?" ofisa akauliza.

Swali lile lilimchoma Kondo kuliko kofi. Alipoomba ruhusa akamzike mjomba wake, mwenye kinu huyuhuyu alimwambia kinu hakijui mila. Leo mila imekuwa ngao yake.

"Nilicheka, bwana," alisema. "Mtani akikuanza, sharti ucheke. Lakini akikuanza, nawe una zamu yako. Huyu kanipiga tangu masika yale mpaka masika haya, na zamu yangu sijaiona. Asimame hapa nimzabe kofi moja tu. Akicheka, mie narudi kwenye kifuo na maneno yamekwisha."

Kondo akapiga hatua. Romani akarudi nyuma, fimbo juu.

"Ukinigusa, kazi huna. Na jela utalala."

"Ala," alisema Bi Tunu. "Kumbe utani wenyewe una mlango mmoja."

Ofisa akaweka kikombe chini. Hakumtazama Romani; alimgeukia mwenye kinu. Akamwambia kwamba aliyemwajiri mtu amenunua kazi yake, hakununua mwili wake. Kwamba shauri litakwenda mahakamani, naye ataitwa pamoja na nyapara wake. Na mama huyu akifukuzwa kwa ushahidi wake, hilo litakuwa shauri la pili.

"Ya nini kufika huko?" mwenye kinu alisema haraka. "Romani, muombe radhi mwenzako, yaishe."

Romani alimtazama bwana wake, aliyemtuma siku zote awaharakishe watu kwa njia yoyote. Bwana alikuwa akiangalia chai. Basi Romani akamsogelea Kondo upande wa kushoto, akanong'ona, "Nisamehe, mtani."

Kondo akaendelea kutazama mbele.

"Anasema nawe," Bi Tunu akamwambia.

"Upande huo aliuziba mwenyewe," alisema Kondo. "Azunguke huku, aseme kwa sauti, wafua nazi wote wasikie. Kisha ayarudie mbele ya hakimu."

Kule kwenye vifuo hakuna aliyekuwa akifua. Romani akaiacha fimbo ikaanguka, akazunguka.