Salamu Zilizotupwa

Adhana ya alasiri ilikwishatoka, na Hasina bado kainamia ile kompyuta kuukuu iliyowekwa juu ya kabati la vyombo, nyumbani kwao Tongoni. Ndiyo iliyokuwa ikipokea barua pepe za familia. Kichujio cha kuzuia taka na virusi alikiweka mwenyewe, akakifundisha mwenyewe. Mwezi mzima, kila barua ya matapeli iliyoanza, "Nakusalimu kwa jina la Mola, natumai u mzima na wote nyumbani," aliitia alama ya uchafu. Kichujio kikashika somo: salamu ndefu ni taka.

Na nani mwenye salamu ndefu kumshinda ami yake, Mwinyijuma?

Leo mdogo wake, Nasra, anaolewa. Baba yao marehemu. Walii wa kumwozesha ni huyo ami, baharia. Aliahidi kuandika idhini kabla meli haijaondoka, na tangu Ijumaa iliyopita simu yake haipatikani. Sheikh Uweso keshasema: bila maandishi ya walii, hafungi ndoa. Bwana harusi na watu wake wametoka Horohoro, wamekaa msikitini wanangoja.

"Si uzifungue zote hizo zilizotupwa?" aliuliza bibi yake, Kijakazi, mguu wake mbovu kaunyoosha mkekani.

"Ziko elfu mbili, bibi! Zote zinaanza vilevile, na ami huazima anwani za watu, jina lake halionekani. Na nyingine zina virusi, nikizigusa tu mashine imekufa."

"Basi tafuta mguu wangu."

"Bibi, nakuomba. Si wakati wa utani."

"Nani anakutania? Mwanangu hajapata kuandika barua asiniulizie mguu. Hao wezi wako wanaujua?"

Hasina akaandika kwenye kisanduku cha kutafutia: mguu. Ikabaki barua moja.

Akampigia sheikh, macho yakikimbilia chini kuitafuta idhini.

"Anza na salamu," bibi akamkemea. "Uweso atajuaje kama ni yeye?"

Akasoma. Mguu wa mama. Jirani Sele na kikohozi chake. Mbuzi mwenye pembe moja, kazaa? Machozi yakimdondokea kifuani, akafika: "Ama baada ya salamu, nimemfanya Sheikh Uweso wakili wangu amwozeshe binti yangu Nasra."



"Huyo ndiye Mwinyijuma," sheikh akasema. "Ichape uilete. Na salamu zake zote, usikate hata moja."