Kitambaa, Chaja na Pikipiki Isiyouzwa

Naomba ieleweke mapema kwamba betri haikulipuka. Habari zinazozunguka mtaani kwamba ilipaa hadi darini ni uzushi wa watu wasio na kazi. Betri ilivimba. Ilivimba kimyakimya, kama mtu aliyealikwa harusini akakosa kiti, na kwa kosa hilo pikipiki ya shangazi yangu ikahukumiwa kuuzwa siku hiyohiyo.

Shangazi ni fundi wa vyerehani. Cherehani ni kizito, kwa hiyo yeye ndiye huwafuata washonaji majumbani, sanduku la vifaa likiwa limefungwa nyuma ya pikipiki iliyonizidi umri kwa mbali. Bila pikipiki hiyo hana kazi. Mwaka huu goti lake la kulia limegoma kupiga kiki, basi akaitoa betri ya zamani, ile ya risasi na tindikali, akaweka ya lithiamu, nyepesi kama mkate, inayowasha injini kwa kubonyeza kidole. Sisi wote tulijaribu kubonyeza. Hata mimi niliyerudi likizo kutoka bweni, mahali ambapo kifaa chenye uhai kuliko vyote ni kengele ya kuamkia, nilibonyeza kwa heshima.

Jana aliacha swichi wazi, taa ikainyonya betri mpaka ikaisha. Akaifungua, akaiweka juu ya meza sebuleni, akasema anakwenda kuazima chaja ya lithiamu kwa fundi mwenzake. Akasema pia, na mimi ni shahidi, "Asiiguse mtu."

Kosa lake ni kwamba alilisema hilo mbele ya Baba Mkubwa. Baba Mkubwa ni kaka yake, dereva mstaafu wa malori na mwenye nyumba tunamoishi. Ana huruma sana, na huruma yake ndiyo hatari. Alipoona dada yake ametoka juani na goti bovu kutafuta chaja, ilhali yeye ana chaja uvunguni, aliivuta. Ni sanduku la chuma kubwa kama tranka langu la shule, lina swichi iliyoandikwa KUFUFUA. Akaihamishia betri kwenye kochi ili waya ufike ukutani, akaibana, akafufua, akaenda kunyoa ndevu.

Kisha akapita Mama Mkubwa, mke wake. Ndani ya nyumba hii kila kinachotumia umeme huvalishwa kitambaa cha kufuma. Redio ina kitambaa, friji ina kitambaa, pasi ina kitambaa chenye pindo la waridi. Mama Mkubwa aliiona betri imekaa uchi kwenye kochi lake, akaona haya kwa niaba yake, akaifunika.

Niliingia nikakuta chumba kinanuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Kitambaa kilikuwa kimeinuka katikati. Nilichomoa waya ukutani, nikawatoa watu wote nje, akiwemo Baba Mkubwa mwenye povu shavu moja. Shangazi aliporudi alisimama mlangoni kwanza, akatazama kama kuna moshi. Alipoona hakuna, akaizoa betri kwa koleo, akaitia kwenye ndoo ya bati yenye mchanga mkavu, akaiweka katikati ya uwanja, mbali na ukuta na mbali na nguo zilizoanikwa.

Baba Mkubwa akafuta povu, akatoa hukumu. "Bomu. Umeniletea bomu ndani ya nyumba. Pikipiki inaondoka leo. Namjua mtu wa kuinunua, nampigia sasa hivi."

"Kaka, pikipiki ni yangu."

"Na nyumba ni yangu. Wewe mtu mzima na goti lako hilo, unakimbizana na matundu ya barabarani. Nilikuwa nakuvumilia tu."

Akapiga simu. Mnunuzi akasema yuko njiani.

Mimi nikaona haki inavunjwa. Nikaingia ndani, nikatoka na mita ya shangazi, ile anayopimia mota za vyerehani vya umeme, na betri ya zamani iliyokuwa imekaa stoo. Nikavuta kigoda. Nikakohoa.

"Wakili amefika," Baba Mkubwa akasema.

"Baba Mkubwa, shikamoo. Naomba mshtakiwa wa kwanza, chaja, aletwe."

"Chaja hii imefufua malori kabla hujazaliwa."

"Malori, ndiyo. Sasa tuisikilize."

Ilipoletwa niliiunganisha kwenye betri ya zamani, palepale nje, swichi ikiwa kwenye KUFUFUA. Namba kwenye mita zilipanda, zikaanza kurukaruka kama panzi, volti kumi na tano, kumi na sita, zikishuka na kupanda tena. Nikaeleza, kwa sauti ya mwalimu wetu wa fizikia, kwamba betri ya risasi hupigwa makofi hayo ili iamke, lakini ya lithiamu haitaki kuvuka kumi na nne na nusu hivi. Ukiizidishia inapata moto, na ukiifunika joto halina pa kwenda.

Mama Mkubwa akatazama chini.

"Basi chaja ina kosa," Baba Mkubwa akasema. "Na pikipiki je? Mbona huipimi? Au unampendelea shangazi yako?"

Nilikuwa natumaini asiulize. Kesi yangu ilikuwa imekaa vizuri.

"Pima, shangazi," shangazi akaniambia. Ananiita hivyo kama ninavyomwita. "Tena pima mbele yake."

Betri ya zamani ikafungwa kwenye pikipiki. Ilikuwa dhaifu, haikuweza kuzungusha injini, kwa hiyo shangazi akapiga kiki mwenyewe, akiuma meno. Kiki ya tatu ikawaka. Nikashika nyaya za mita, yeye akaongeza moto taratibu. Kumi na nne. Kumi na tano. Karibu kumi na sita, na namba haikushuka.

Nilifikiria kusoma uongo. Shangazi alikuwa ananitazama usoni, sio kwenye mita.

"Kumi na tano na nukta nane," nikasema.

Baba Mkubwa akapiga makofi mara moja. "Imekwisha. Hata pikipiki yenyewe inaipika."

Shangazi alizima injini. Akainama, akatazama chini ya kiti.

"Kumbe," akasema. "Miaka yote hii naijazia betri maji, nikidhani ina kiu. Ilikuwa inachemshwa." Akakinyoshea kidole kile kidude cha alumini chenye mapezi chini ya kiti. "Rektifaya. Kazi yake ni kuuzuia umeme wa injini usizidi kwenye betri, na imechoka. Ile ya risasi ilikuwa inavumilia kwa kunywa maji. Hii mpya haina maji ya kunywa."

"Kwa hiyo umekubali," Baba Mkubwa akasema.

"Nimekubali rektifaya ni mbovu. Kidude kinachoenea kiganjani. Naweka kipya, naipima tena kwa kila mwendo, ikikaa pale inapotakiwa ndipo naweka lithiamu nyingine. Na itachajiwa kwa chaja yake, nje kwenye saruji, macho ya mtu yakiwa juu yake. Sijakubali kingine."

Mnunuzi akafika, kijana mpole, akaamkia wote, akauliza ndiyo hii?

"Ndiyo hii," Baba Mkubwa akasema.

"Siyo hii," shangazi akasema. "Marahaba, mwanangu. Umesumbuliwa bure, nisamehe."

Kijana akatazama ndoo ya mchanga, akasema yeye hana haraka, akarudi nyuma hatua kadhaa.

Baba Mkubwa akaenda getini, akashika bawa moja la geti lililofungwa kwa mikono miwili. "Chombo kilichotaka kuniunguzia nyumba hakilali hapa, na hakitoki ila na mnunuzi."

Hapo ndipo Mama Mkubwa aliposema. "Chaja ni ya kwako, mume wangu. Kitambaa nilifunika mimi. Mbona mimi siuzwi?"

 

Shangazi akapiga kiki tena. Goti lilitoa mlio niliousikia nilipokuwa nimesimama. Injini ikashika. Akaivuta pikipiki mpaka getini, akasimama mbele ya kaka yake, injini ikinguruma chini chini.

"Nakwenda dukani kutafuta rektifaya, Kaka. Taa nimeiwasha ili ile chaji ya ziada ipate pa kwenda, na nitakwenda polepole. Ukitaka kunisukuma, nisukume."

Baba Mkubwa hakusukuma, na hakuachia. Mama Mkubwa akamzunguka mumewe, akaondoa komeo la bawa la pili, akalivuta mpaka mwisho.

"Pita, wifi," akasema. "Watu wana vyerehani vibovu huko."