Mzizi Mkali wa Zygmunt

Genowefa hakumlilia mumewe. Kijiji kizima kiliona, na kijiji kikiona husema. Siku walipomzika Zygmunt, majani yakipukutika, alisimama kando ya kaburi na kitambaa cheusi kichwani, macho makavu, akapokea pole za watu mmoja mmoja kwa adabu zote. Wapo waliosema ni mshtuko, wapo waliosema ni roho ngumu. Mwenyewe alijua sababu, na hakumwambia mtu. Aliona hawezi kumlilia mwanamume ambaye hakumlilia mwanawe.

Mtoto huyo aliitwa Kinga, kifungua mimba wao, aliyekufa kwa homa ya mapafu kabla hajajua kutembea. Walimzika katika wiki ya kuelekea Pasaka. Genowefa alilia hadi sauti ikamkauka. Zygmunt hakudondosha hata chozi. Alirudi kutoka makaburini, akavua koti la kanisani, akaenda kulisha ng'ombe. Baadaye akazaliwa Radek, akakua, akaenda zake Norwe kuchomelea meli, na fundo lile likabaki palepale moyoni mwa mama yake. Upweke wa mjane ni mbaya, lakini watu hukuonea huruma, wakakuletea hata keki. Upweke wa kulala kitanda kimoja na mtu usiyeweza kumsemesha jambo moja tu, huo hakuna anayekuletea keki.

Sasa ilikuwa Jumamosi Kuu, Pasaka ya kwanza bila Zygmunt. Radek alikuwa amepiga simu kusema zamu zimembana, mama, labda mwaka kesho. Hata hivyo kikapu lazima kiende kanisani kubarikiwa: mayai, mkate, chumvi, soseji, na bakuli la chrzan, ule mzizi mweupe unaopanda puani hadi utosini, uliokwaruzwa na kuchanganywa na malai. Pasaka bila mzizi ule si Pasaka, ni chakula cha mchana tu.

Wiesława wa nyumba ya pili alikuwa amejitolea kumpa chupa ya dukani. "Weka hii, Genia," alisema. "Padre hunyunyiza maji tu, haonji." Genowefa alikataa. Aliona ni aibu kumpelekea Mungu kitu chenye kibandiko cha bei.

Basi akachukua jembe, akachimba kando ya ua, kwenye udongo uliokuwa bado na baridi ya theluji. Mzizi ule ni mkaidi, hukatikia ardhini na kipande kinachobaki huota tena, ukitaka usitake. Aliuosha, akaumenya. Kisha akatafuta kikwaruzo jikoni asikione, hadi akakumbuka kuwa Zygmunt alikitundika kwenye msumari nyuma ya ghala la nyasi kavu, pale alipokuwa akifanyia kazi hiyo kila mwaka.

Ilikuwa kazi yake, na hakuruhusu mtu kuigusa. Zamani mizizi ilikwaruzwa jikoni, na mama mkwe, wanawake wote wakipenga kamasi na kucheka. Halafu mwaka mmoja Zygmunt akamnyang'anya mama yake kikwaruzo, akasema hiyo ni kazi ya wanaume, akatoka. Tangu hapo kila Jumamosi Kuu alikwenda nyuma ya ghala peke yake, akakaa huko muda mrefu, akarudi na bakuli limejaa na macho mekundu yamevimba. Genowefa alimtania. Mwanamume mzima, analizwa na mboga.

Mwaka mmoja utani ulimtoka mkali kuliko alivyokusudia.

"Mzizi unaulilia," alimwambia. "Mwanao hukumlilia."

Zygmunt aliweka bakuli mezani, akanawa mikono, akasema tu kwamba siki iwekwe sasa, kabla ukali haujapotea. Genowefa akaweka siki, akaweka malai chachu, sukari kidogo, chumvi, na kiini cha yai kilichopondwa. Walikula Pasaka ile bila kutazamana.

Nyuma ya ghala palikuwa na gogo la kukalia, juu yake pamelainika kwa kukaliwa. Genowefa alikaa kama alivyokaa mumewe, bakuli katikati ya magoti, akaanza kukwaruza. Alijiandaa kwa machozi. Tena, kusema kweli, aliyatamani. Labda mzizi ungemfanyia kazi iliyomshinda kaburini, na watu wakimwona kanisani na macho mekundu wangemnyamazia.

Alikwaruza mzizi wa kwanza. Hakuna kitu. Alidhani ni dhaifu, akachota kidogo kwa kidole, akaonja, ukampanda utosini hadi akashika gogo. Ukali ulikuwepo wote. Akakwaruza mzizi wa pili, akiinama kabisa juu ya bakuli. Macho makavu. Ndipo alipousikia upepo. Ulipita kwenye kona ile kati ya ghala na ua, ukimpiga mgongoni bila kupumzika, ukiubeba ukali wote mbele yake kuelekea shambani kabla haujafika usoni. Hapo usingemliza hata mtoto.

Aliinua kichwa kuangalia upepo unakokwenda. Ng'ambo ya shamba kulikuwa na miti myeupe ya makaburini, na ukuta mdogo, na ile pembe wanayozikwa watoto. Mtu akikaa kwenye gogo lile hana pengine pa kutazama.

Ndipo akaanza kuhesabu mambo nyuma. Mwaka ule Zygmunt aliomnyang'anya mama yake kikwaruzo ulikuwa mwaka wa Kinga. Ilikuwa Jumamosi ya wiki ileile ya mazishi, mtoto yuko ardhini hata maua hayajanyauka. Tangu hapo, mwaka hadi mwaka, alikuja hapa na bakuli lake la kusingizia, akalia, akarudi kutaniwa. Moyo wa mwenzio ni msitu wa giza, lakini Genowefa aliishi kando ya msitu huo maisha yake yote na hakuwahi hata kuwasha kiberiti. "Mwanao hukumlilia," alikuwa amemwambia, na yeye akaomba siki.

Aliweka kikwaruzo chini. Kilio kilikuja chenyewe, kirefu na kibaya, cha watu wawili.

Wiesława alimkuta jikoni baadaye, kikapu chake mkononi, amempitia waende kanisani. Genowefa alikuwa akikoroga malai, uso umevimba hautazamiki. Wiesława akatabasamu kwa upole, akampa kisingizio.

"Mzizi wa mwaka huu mkali, jirani."

Angeweza kuitikia. Zygmunt aliitikia maisha yake yote.

"Mzizi haujanifanya kitu," alisema. "Namlilia Kinga. Na baba yake, aliyemlilia kila mwaka nyuma ya ghala."

Jina la mtoto yule lilikuwa halijatajwa ndani ya nyumba ile kwa muda mrefu sana. Wiesława alivuta kiti, akakaa.

"Sikujua kama Zygmunt alikuwa mtu wa kulia."

"Hata mimi," alisema Genowefa, akalifunika bakuli kwa kitambaa cheupe.