Kamio ya Siku ya Ine

Mimi iko na kinywa kali, na kijiji yote ya Burungu inajua. Mwaka wa 1953 mutoto wangu wa kwanza, Semana, alinikuta nakamua ngombe, akaniambia ameandikwa kazi mu mugodi kule Walikale.

"Walikale? Kule pori, kule giza? Utakunywa maziwa ya nani?"

Akacheka. "Mama, inchi yetu ni kubwa, na mimi miaka makumi mbili naona migongo ya ngombe tu. Niache niione."

Kasirani ikanipanda. Nikamwambia mbele ya ndugu zake: "Ukienda, usirudie kwangu. Hata nikisikia unakufa, sitakuja." Akaenda. Nikakaa miezi nane na ile maneno mu kifua.

Kisha Narcisse, rafiki yake wa mugodi, akatuma barua. Katekista akanisomea: Semana iko mugonjwa wa mapafu, anatapika damu, kila siku anauliza kama mama yake bado ana kasirani. Nikajibisha mara moja: kamio, ile lori ya siku ya ine ya juma, nitakuwa ndani.

Kwetu, muzazi akitamka neno kama ile, hakuna mwingine wa kuiondoa. Si padri, si barua. Atakuja yeye mwenyewe, atamushika mutoto mukono, atasema: nimeondoa. Ndiyo kitu nilikuwa naendea. Nilitembea kwa miguu mupaka Sake, na alfajiri nikapanda kamio ya chumvi. Shofere, Papa Édouard, muntu wa kucheka-cheka, akaniweka mbele, akasema sura yangu ni ya muntu anaenda kilio.

"Funga kinywa," nikamwambia. "Mutoto wangu iko muzima."

Sikuwa nimepanda kamio hata siku moja. Ikapanda mulima, nikageuza kichwa, nikaona ziwa yote chini yetu, na milima ya moto inatoa moshi pembeni. Yoo! Mimi wa miaka makumi ine, sikujua!

"Papa Édouard, hii yote ni ya kwetu?"

"Ya nani tena, Mama? Bazungu banasema ni yao. Basi, tuitazame kabla hawajatukataza."

Tukapita Masisi, malisho na mashamba ya maharagwe, kisha njia ikaanza kushuka. Kwenye kona moja pori ikafunguka. Haikuwa na mwisho. Mawingu yalikuwa chini ya miguu yetu, na maji yanaanguka kwenye mwamba, mbali, bila sauti. Ile giza niliyomutukania Semana haikuwa giza hata kidogo. Mutoto wangu alisema kweli, na mimi nilimufukuza kwa kusema kweli.

"Simama," nikasema. "Nataka kuangalia vizuri, nipate kumuambia."

Akaangalia jua. "Mama, bariere. Saa sita wanafunga njia."

"Aka! Wewe na bariere yako! Dakika mbili tu."

Akasimama. Nikakaa kwenye jiwe, nikatazama, nikalia, nikacheka peke yangu kama mwenda wazimu. Miezi nane moyo wangu haukupumzika, pale ukapumzika. Hazikuwa dakika mbili. Papa Édouard akawasha tumbako yake, akaona haya kuniharakisha.

Mbele yetu njia ilikuwa nyembamba, imechongwa mu mulima, kamio mbili haziwezi kupishana. Asubuhi zinashuka, kisha saa sita ya muchana zinapanda. Mulinzi wa juu anapiga ngoma, wa chini anajibu, basi, imefungwa. Tulipofika, ngoma ya chini ilikuwa bado inalia.

Nikamukamata mulinzi shati. Jina lake Kanyamibwa. "Fungua! Mutoto wangu anakufa!"

"Mama, kamio za chini zimeshaanza kupanda. Mutakutana kwenye kona, mutaanguka bote. Mungoje kesho asubuhi."

Nikamutukana mupaka sauti ikaisha. Akaniletea viazi. Sikukula.

Kesho yake tulifika Walikale saa ine ya asubuhi. Narcisse alikuwa anasimama kwenye mulango wa nyumba ya bagonjwa, mikono nyuma. Nikajua.

"Saa ngapi?" nikamuuliza.

"Jana, Mama. Saa kumi na mbili ya jioni."

Papa Édouard akainamisha kichwa. Bila kusimama pale kwenye jiwe, tungefika jana saa kumi.

"Alisema nini?"

Narcisse akanifungulia mulango. Nikamutikisa. "Sema!"

"Tulimuambia kamio inafika saa kumi na wewe uko ndani. Akakataa kulala. Akakaa anasikiliza njia. Saa kumi ikapita, saa kumi na moja ikapita. Nikamuambia pengine kamio imeharibika. Akageukia ukuta. Akasema: 'Hapana. Mama alisema hatakuja.'"

Nikaingia. Nikamushika mukono, ulikuwa baridi. Nikasema: nimeondoa. Nikarudilia, nikapiga kelele: nimeondoa, Semana, nimeondoa, mupaka Narcisse na Papa Édouard bakanitoa inje.