Magogo ya Shemeji Ufagio

Miguu yangu haijui kutulia, lakini nikipita upande ule hulala kwa dada yangu. Mumewe tunamwita Ufagio. Bwana yule akiona jani chini hapati usingizi. Mwaka ule alipomaliza kufagia ua na zizi, alihamia kwenye msitu mdogo ulio juu ya shamba lao. Kila gogo kavu na kila tawi bovu alilikokota akalichoma, mpaka msitu ukawa kama sebule inayosubiri wageni.

Jua lilikuwa limewachapa majirani wa bondeni, ila dada hakukosa maji, maana msitu ule hushika mvua na kuiachia kidogo kidogo kijitoni. Mipasheni yake, aliyoiotesha mwenyewe kwa mbegu, ilijaa maua. Kisha maua yakadondoka bila kuacha tunda. Ufagio akasema Jumamosi anaing'oa yote, apande mihogo. Dada akanuna hadi chakula kikakosa chumvi.

Hakukata tamaa lakini. Kila siku alipita ua kwa ua akipaka chavua kwa kidole. Aliniambia amekuwa mkunga wa maua na wazazi hawaishi.

Ijumaa tukiwa jikoni, unga wa mbao ulimwagika kwenye chai ya Ufagio. Juu, nyuki weusi wanene kama kidole gumba walikuwa wametoboa boriti. Ufagio akaenda kuchukua bomba la dawa, akinung'unika kwamba sasa hata wadudu wanamdharau.

Dada hakumsikiliza. Alikuwa anatazama dirishani, kwenye mpasheni mmoja uliopanda ukuta wa jiko. Ulikuwa umelemewa na matunda mabichi, na kidole chake hakikuwahi kuugusa. Nyuki mmoja akatoka kwenye boriti, akajitosa ndani ya ua la mpasheni, akatoka mgongo umejaa chavua.

"Weka bomba chini, baba watoto," alisema. "Huyo ndiye mfanyakazi wangu."

Ufagio alisimama na bomba lake kama askari aliyesahau amri. Akauliza kwa nini basi hawaendi kufanya kazi kule shambani, wamejazana jikoni kwake. Mimi nyuki hao nimewaona nchi nyingi, na hukaa kwenye miti mikavu.

"Umewachomea nyumba, shemeji," nikamwambia. "Wamekuja kupanga kwako."

Dada alicheka mpaka akashika meza. Ufagio hakucheka. Alikaa, akanywa ile chai na unga wake, halafu akauliza polepole kama anatakiwa kuleta takataka shambani kwa mkono wake mwenyewe. Dada akamjibu kwamba zikiwa nyingi ni bora zaidi.

Jumamosi hakung'oa kitu. Alishinda akizunguka kwa majirani kuomba magogo makavu, nao walimpa huku wakiuliza kama anaumwa. Aliyapanga chini ya mipasheni kwa urefu, kubwa hadi dogo. Angefanyaje, ndiyo damu yake.

Niliporudi msimu uliofuata magogo yalikuwa matundu matupu, shamba linavuma, na dada alikuwa anagombana na nyaya za kutambazia mipasheni, zilizolegea kwa uzito wa matunda. Mimi na Ufagio tukapanda msituni kukagua kijito. Tawi bovu lilikuwa limeanguka katikati ya njia, nikainama nilisogeze.

"Liache hapo, shemeji," akasema. "Lina wenyewe."

Akaliruka, akaendelea na safari.