Taya la Mamba wa Kinna

Mwaka wa 1966, wakati wa vita vya shifta, mume wangu Kanchoro alichimba kisima karibu na Kinna akatoa vipande viwili vya taya lililogeuka jiwe. Kidogo, chenye jino moja, tulikituma Nairobi kwa wataalamu. Wakajibu kwamba ni mamba aliyekwisha zamani sana, lakini jino moja halitoshi kumpa jina; walitaka pale taya linapoungana na fuvu. Pale palikuwa kwenye kipande kikubwa. Kanchoro alilitaka hilo jina kuliko kisima chenyewe.

Basi nikakifunga kwa pamba, nikakishonea gunia kwa uzi wa katani, mishono miwili miwili. Juu nikaandika kwa makaa jina la mamba kwa Kiborana: NAACHA. Bedan, karani wa mizigo pale Isiolo, alikuwa na anwani tayari tangu kile kidogo. Nilikuta ameenda chai, nikauweka mzigo mezani pake.

Baada ya siku tisa nikarudi kuuliza.

“Ah, lile jiwe,” akasema. “Si uliandika mwenyewe unaacha? Nikajua mama amechoka nalo.”

“Bwana karani, naacha ni mamba.”

“Mamba anaacha nini?”

“Haachi kitu. Ndiyo jina lake, kwetu.”

“Sasa mimi Mmeru nitajuaje? Ungeandika mamba.”

“Na wewe ungeuliza. Liko wapi?”

Hapo akaacha kucheka. Akanionyesha kizingiti kipya cha lango. Mafundi walipungukiwa kokoto, akawapa lile jiwe, wakalivunja kwa nyundo. Saruji ilikuwa imeshakauka. Nikapiga magoti, nikaona kitu cha kahawia, laini, kama ukucha wa kidole kidogo. Nikajaribu kukichokoa kwa ufunguo.

“Mama, unabomoa lango la serikali?” askari akauliza.

“Mwache,” Bedan akasema, “anatafuta mamba.”

“Isiolo hii? Kwa maji gani?”

Nilikichokoa mpaka ufunguo ukapinda. Hakikutoka.

Nyumbani Kanchoro akauliza, “Wamempa jina?”

Nikamweleza. Akasema, “Waambie nimekivunja mimi. Wasidhani Waborana hatujui kuandika.”

Sikukubali. Niliandika ukweli wote, kurasa mbili, na herufi nikazinyoosha. Wakajibu mistari miwili: wanashukuru, na mamba huyo wamemwandika asiyejulikana.