Mama Mkwe Benchi la Mbele

Ngassa alikwisha kuipuliza maiki na kusema, "Halo, halo, Nyarugusu mnanipata?" ndipo akachungulia kwenye mwanya wa pazia na kumwona mama mkwe wake mtarajiwa ameketi benchi la mbele.

Akadhani macho yanamchezea. Akachungulia tena. Ni yeye, Mama Agnetha wa Songwa, kitambaa cheusi kichwani, mkoba mapajani, kakaa wima kama yuko kanisani. Kando yake alikuwepo Agnetha mwenyewe, kainamia sakafu kama mtu aliyedondosha sindano.

Kazi ya Ngassa ilikuwa kukaa nyuma ya pazia la kanga katika banda la video na kutafsiri filamu za Kizungu huku zikiendelea. Wachimbaji wa dhahabu wa Nyarugusu wakitoka duarani, kwenye mashimo yao, vumbi bado limejaa masikioni, hawakuja kutazama picha tu, walikuja kumsikia Ngassa. Lakini kule Songwa mshenga alipoulizwa kijana anafanya kazi gani, alijibu kama Ngassa alivyomfundisha: "Anaonyesha filamu za mafundisho kwa jamii." Mama akaridhika. Mumewe, mzee Mayala, alikuwa amefariki mwaka uliopita, na tangu hapo neno la mwisho juu ya binti lilikuwa la mama. Ng'ombe wa mahari walikuwa bado hawajatajwa. Mama akisema hapana, basi, Ngassa atafute pa kwenda kulia. Sasa amekuja kujionea mafundisho hayo mwenyewe.

Na mafundisho ya alasiri hiyo yalikuwa haya: kijana wa chuo, mrefu, magoti kama ya ndama, anampenda binti wa watu lakini hajui kubusu, kwa hiyo anajifunza kwa tikiti maji.

Kubadilisha filamu haikuwezekana. Ilikuwa imetangazwa kwa spika wiki nzima, banda limefurika hadi mlangoni, na watu wa machimbo wakinyimwa walichoahidiwa huwa wanabeba mabenchi na kuondoka nayo.

Halafu kulikuwa na jambo lililo kubwa zaidi kwa Msukuma. Mtu na mama mkwe wake hawazoeani. Ukimwona njiani unachepuka. Huli mbele yake. Na maneno ya chumbani huyatamki hata kama yeye yuko nyumba ya tatu. Sasa Ngassa alikuwa na maiki mkononi na spika mbili, na moja ilimwelekea mama mkwe sikioni kabisa.

Filamu ikaanza. Kijana akalikumbatia tikiti, akafumba macho.

"Hapa," alisema Ngassa kwa sauti ya bwana shamba, "kijana anakagua kama tunda limeiva."

Kwenye picha ulimi ukatoka.

"Anaonja. Ndugu zangu, tuoshe matunda kwa maji safi na salama..."

"We Ngassa!" Huyo alikuwa Boaz, mchimbaji mwenye sauti ya karasha, ile mashine ya kusaga mawe, anayekaa siku zote benchi la nyuma. "Sisi tuna macho! Tikiti gani linakaguliwa kwa ulimi?"

"Kahongwa na wachungaji huyo!" mwingine akadakia.

Mama Agnetha hakutikisika. Filamu ikasonga. Kijana akaalikwa kwao binti, wazazi hawapo, wawili wale wakajibwaga kwenye kochi.

"Hapa wanasali," alisema Ngassa, jasho likimtiririka.

"Mbona wanasali wamelala?"

"Ni sala ya... ya unyenyekevu."

Banda zima likaguna. Watu wa nyuma wakaanza kusimama, mabenchi yakakwaruza sakafu. Ngassa akaona pande zote mbili zinambomokea: huku kazi, huku mchumba.

Ndipo kwenye picha gari likasikika nje. Mama wa binti amerudi! Kijana akaruka, suruali ikabaki mdomoni mwa mbwa, akaokota gauni la kwanza aliloliona, akalivaa, akajitupa kabatini. Akabana pumzi. Akachungulia kwenye mwanya wa mlango, macho yamemtoka, akimtazama mama wa binti anayekuja.

Ngassa alimtazama Mzungu yule kabatini. Kisha akajitazama mwenyewe nyuma ya kanga.

"Jamani," alisema polepole, na sauti ya bwana shamba ilikuwa imemtoka. "Sasa nasema kweli. Huyu kijana kakwama."

Waliosimama wakaketi.

"Anasema: Ee Mungu wa babu zangu, kwa nini sikuchimba dhahabu kama wenzangu? Kwao binti nimesema mimi ni mtu wa mafundisho. Haya, mafundisho yenyewe ndiyo haya! Niko kabatini, mbwa ana suruali, na gauni hili linanibana kwapani!"

Banda likalipuka. Boaz alipiga kelele huku akijipiga mapaja, "Mimi nilijificha na ndama zizini kwao binti mpaka kunakucha! Baba yake akaja kukamua!" Mwingine akaungama kwamba yeye alijificha ndani ya pipa la pombe. Kila mtu, kumbe, alikuwa na kabati lake. Tikiti lilikuwa limewafurahisha macho tu. Hofu ile ndiyo waliyoijua, ya kutaka kupendwa na kukutwa hovyo.

Mama wa kwenye picha akafungua kabati. Akafungua na mdomo.

Hapo Ngassa akaishusha maiki. Angewezaje kuigiza sauti ya mama mkwe mbele ya mama mkwe? Hilo lingekuwa tusi ambalo hata ng'ombe wa faini hawalifuti. Mdomo wa mama yule wa Kizungu ukawa unafunguka na kufungika bila neno, banda zima likisubiri.

"Toka humo!"

Sauti ilitoka benchi la mbele.

"Toka! Hata mkia wa ng'ombe hujaleta, gauni langu umeshavaa?"

Watu wakapiga yowe. Ngassa akakumbatia maiki. "Mama, nitalifua!"

"Utalifua na nani? Suruali iko wapi?"

"Mbwa kaichukua, mama."

"Mbwa ana akili kuliko binti yangu. Kaona mkwe wa mashaka, kachukua dhamana!"

Boaz akaanguka na benchi lake. Na Mama Agnetha akacheka. Alianza kwa kujizuia, mabega yakitetemeka, kisha akaachia, akainama hadi kitambaa cheusi kikamteleza. Agnetha hakuwa amesikia kicheko hicho tangu siku walipomzika mzee Mayala. Alimshika mama yake kiuno, naye akawa anacheka na kulia, hajui afute nini.

Filamu ilipokwisha, mama alipita kando ya pazia akiwa ameugeuza uso upande wa pili, kama inavyopasa. Alizungumza na binti yake, ila kwa sauti ya kusikika.

"Mwambie huyo mshenga wenu aje nyumbani. Nitaongeza ng'ombe kwa sababu ya uongo."

"Sawa, mayu," Agnetha alimwitikia mama yake kwa Kisukuma.

"Halafu nitapunguza."

"Kwa sababu gani, mama?"

Mama alisimama kidogo, akafunga kitambaa chake vizuri.

"Baba yako angeanguka na benchi kabla ya yule mchimbaji."

Ngassa alisubiri hadi nyayo zilipopotea. Kisha akashusha pumzi na kunong'ona, "Asante, Mungu," na kwa kuwa maiki ilikuwa bado imewashwa, shukrani yake ikavuma hadi kwenye makarasha.

"Amina!" akaitikia Boaz kutoka nje.